Urefu pekee hautoshi: Funzo la Hasheem Thabeet kwa vijana wa Msambweni

KIJANA wa Msambweni aliyejaliwa kimo na anayeota kucheza mpira wa vikapu ng’ambo hana haja ya kutafuta mfano mbali. Barabara ya kusini huvuka mpaka Lungalunga, ikapita Tanga hadi Dar es Salaam, jiji alikozaliwa Hasheem Thabeet mwaka 1987. Ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA ya Marekani.

Thabeet, mwenye urefu wa mita 2.21, alianza mchezo huo akiwa tayari kijana. Alipata nafasi ya kumalizia sekondari mjini Houston, kisha mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun.

Huko ndiko alikong’aa. Katika msimu wa 2008-09 alifunga wastani wa pointi 13.6 na kuzuia mitupo zaidi ya minne kwa kila mchezo. Timu yake ilifika nusu fainali ya kitaifa. Juni 2009, klabu ya Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili miongoni mwa wachezaji wapya, nyuma ya Blake Griffin pekee na mbele ya James Harden na Stephen Curry.

Hata hivyo, chuo na ligi ya kulipwa ni mambo mawili tofauti. Chuoni kocha humpa mwanafunzi muda wa kukomaa. Katika NBA, mkataba wa mchezaji aliyechaguliwa raundi ya kwanza humhakikishia malipo ya miaka miwili tu; baada ya hapo klabu ndiyo huamua kama itaendelea naye katika mwaka wa tatu na wa nne. Februari 2010 Thabeet alipelekwa katika ligi ndogo, na mwaka mmoja baadaye akahamishiwa Houston. Alipitia pia Portland na Oklahoma City. Mchezo wake wa mwisho katika NBA ulikuwa msimu wa 2013-14.

Lakini safari haikuishia hapo. Mwaka 2017 alijiunga na Yokohama B-Corsairs ya Japani, na mwaka 2020 akaelekea Taiwan. Ligi za aina hiyo huwawekea mpaka wachezaji wa kigeni, na mikataba mingi ni ya msimu mmoja. Kwa hivyo mgeni hutarajiwa kuzaa matunda mara moja, la sivyo nafasi yake hupewa mwingine.

Njia hiyo ya ng’ambo imewafaa Wakenya pia. Tylor Ongwae, aliyechezea Chuo Kikuu cha Louisiana kilichoko Monroe, hakupitia NBA, bali alijipatia riziki Ulaya, ikiwemo klabu ya Bakken Bears ya Denmark. Februari 2021 mjini Yaounde, mtupo wake wa sekunde ya mwisho uliipa Kenya ushindi wa 74-73 dhidi ya Angola, na Morans wakafuzu kwa fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993.

Kwa wazazi, hesabu ni rahisi. Vyuo vya daraja la kwanza Marekani vyenye timu ni zaidi ya 350, ilhali NBA huchagua wachezaji wapya wasiozidi 60 kila mwaka. Ufadhili kamili hulipia karo, malazi, chakula na vitabu, na shahada haivunjwi na jeraha la goti wala uamuzi wa klabu. Kijana anayeacha masomo kwa kutegemea kimo chake hubaki mikono mitupu mpira ukimkataa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, hata akiwa na urefu wa mita mbili.