Kwa Nini Chuo Hiki na Si Kingine?

Kijana wa Kenya aliyemaliza kidato cha nne huchagua kozi kupitia KUCCPS, huduma ya kuwapangia wanafunzi vyuo, na alama zake za mtihani ndizo zinazomsemea. Akiomba nafasi Marekani, alama pekee hazitoshi. Vyuo vingi vya huko humtaka aandike insha fupi yenye kujibu swali moja: kwa nini umetuchagua sisi? Yale imekuwa ikitaka jibu lisilozidi maneno 125.

Wengi huimaliza nafasi hiyo kwa kumwaga sifa: chuo ni maarufu, maprofesa ni mabingwa, mandhari yanapendeza. Ofisa wa udahili anayajua hayo yote. Asichokijua ni mwombaji mwenyewe, na namna atakavyotumia kile ambacho chuo hicho kinacho na vingine havina.

Na vyuo hutofautiana kwelikweli. Columbia, jijini New York, ina mtaala wa lazima ulioanza mwaka 1919. Wanafunzi husoma vitabu vilevile, Homer na Plato wakiwamo, na kuvijadili katika madarasa madogo. Brown ilishika njia nyingine mwaka 1969. Wanafunzi wake walidai mageuzi, na masomo ya lazima kwa wote yakaondolewa. Colorado College nayo, tangu 1970, hufundisha somo moja kwa wakati, kwa muda wa wiki tatu na nusu.

Chukulia binti wa Kilifi anayependa viumbe wa baharini na ushairi. Kwa Brown, ataeleza jinsi atakavyozisoma fani hizo mbili bega kwa bega. Kwa Colorado, atasema kwa nini anataka kuzama katika somo moja bila kuvutwa na mengine. Kwa Columbia, ataonyesha hamu ya kubishana juu ya kitabu kimoja na wenzake wa fani nyingine. Binti ni yuleyule, lakini insha ni tatu.

Gharama pia ni sababu halali. Berea, katika jimbo la Kentucky, haitozi ada ya masomo, na kila mwanafunzi hupewa kazi chuoni. Aliyezoea kusoma huku akisaidia dukani kwao ana la kusema hapo.

Uingereza mambo ni tofauti. Kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vikuu huko, maelezo yaleyale hupelekwa kwenye kozi zote zilizoombwa, ambazo kwa kawaida hufika tano. Huko mwombaji hana haja ya kutaja chuo. Aeleze kwa nini amechagua somo lake na amejiandaa vipi kulisoma.