Korido Nyembamba ya The Raid

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanalijua swali la siku nyingi: mbona maadui ishirini wanamzunguka stelingi, halafu wanamvamia mmoja mmoja kana kwamba wamepanga foleni ya maji? The Raid, filamu ya Indonesia ya mwaka 2011, inalijibu swali hilo kwa kuta.

Kikosi cha polisi kinavamia jengo la ghorofa jijini Jakarta, ngome ya jambazi Tama, na kunasa humo bila msaada. Rama, askari kijana anayeigizwa na Iko Uwais, anabaki na kirungu, kisu na mikono yake. Mwongozaji Gareth Evans, mzaliwa wa Wales, anawapeleka wapiganaji kwenye korido ambamo watu watatu hawawezi kusimama bega kwa bega. Wa nyuma hawezi kupiga mpaka wa mbele aanguke. Foleni sasa ina sababu. Na pencak silat, sanaa ya mapigano ya huko, inafaa sana mahali finyu, kwa kuwa mpiganaji wake huingia karibu: mkono unakinga, kiwiko kinafuata, mguu unafagia mguu wa adui. Kamera nayo mara nyingi inatuachia tuone nani yuko wapi na pigo limetoka upande gani.

Tukio ninalolipenda kuliko yote halina hata ngumi moja. Rama na mwenzake aliyejeruhiwa wamejibanza nyuma ya ukuta mwembamba, na jambazi anautoboatoboa kwa panga. Ncha inamchana Rama shavuni. Hatoi sauti. Panga linapovutwa, analifuta damu isije ikawafichua.

Halafu yupo Mad Dog, mtu wa Tama, anayeigizwa na Yayan Ruhian, mtu mfupi mwenye mwili mdogo. Anamteka Sajenti Jaka wa kikosi cha polisi kwa bastola, kisha anaiweka kando, kwa sababu kuua kwa risasi hakumridhishi. Joe Taslim, anayemwigiza Jaka, aliwahi kuichezea judo timu ya taifa ya Indonesia, kwa hiyo yeye anakamata na kubwaga ilhali mwenzake anapiga na kukaba. Tunamfahamu kila mmoja kwa jinsi anavyopigana.

Filamu inayumba wanapoanza kuzungumza. Rama anamkuta ndugu yake Andi akimtumikia Tama, jambo la kuvunja moyo, lakini linapitishwa kwa mazungumzo mafupi. Mke mjamzito wa Rama tunamwona mwanzoni, basi. Rushwa ya Luteni Wahyu, aliyewaleta vijana wake machinjioni, inaelezwa harakaharaka, nami naona hapo ndipo palipokuwa na hadithi nzito kuliko zote. Majambazi wengi hawana hata majina. Kufikia katikati, mifupa imevunjika mingi mno hata jicho linakufa ganzi.

Ndiyo maana pambano dhidi ya Mad Dog lina thamani ya pekee. Andi, aliyemsaliti Tama, ananing'inia kwenye mnyororo, anapigwa. Rama anapoingia, Mad Dog anaruhusu Andi ashushwe ili apigane nao wote wawili. Chumba ni kipana, foleni haipo tena, na bado wanazidiwa. Mmoja anapotupwa chini, mwingine anajitupa katikati kumkinga. Undugu ambao maneno yalishindwa kuueleza unaonekana hapo, katika miili miwili iliyochoka.