Toba, Msamaha na Kupokewa kwa Mkosaji katika Mtazamo wa Kikristo: Mfano wa Wilaya ya Kilosa

Katika mafundisho ya Kikristo, dhana za toba, msamaha na kupokewa kwa mkosaji hutajwa pamoja mara nyingi kiasi kwamba tofauti zake hufifia. Makala haya yanafafanua uhusiano wa dhana hizo na uzito wake katika wilaya ya Kilosa, ikiwemo kata ya Mabwerebwere.

Katika Kanisa Katoliki, Sakramenti ya Kitubio humdai muungamaji majuto, maungamo na malipizi, naye padri hutoa maondoleo. Kwa Waanglikana, ambao misheni yao ilifika Mamboya kabla ya utawala wa Kijerumani, Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, uliweka ungamo hadharani mbele ya ndugu. Aliyekiri wizi alitarajiwa kurudisha mali na kupatana na mwenyewe.

Injili ya Luka, hata hivyo, huanza na kupokewa. Katika sura ya 15, baba humkimbilia mwanawe kabla kijana hajatamka neno la toba. Katika sura ya 19, Yesu hujialika kwa Zakayo kabla huyo hajaahidi kulipa mara nne. Kupokewa, basi, si tuzo ya toba bali ni mlango wake. Lakini Zakayo alilipa: huruma haikufuta haki ya waliodhulumiwa.

Vitenzi vyenyewe vina watendaji tofauti. Hutubu mkosaji, husamehe aliyekosewa, hupokea jumuiya. Hakuna awezaye kutenda kwa niaba ya mwingine.

Tofauti hii si ya nadharia tu. Mnamo Desemba 2000, wakulima 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Penye msiba wa namna hiyo, mahubiri yanayowahimiza wafiwa kusamehe bila kuwaita watendaji kwenye toba na fidia humtwika aliyeumizwa mzigo wote. Vilevile, jumuiya inayomkataa anayetubu humfungia mlango wa kurekebisha alichoharibu.

Kwa hiyo, mtazamo wa Kikristo uliokamilika humpokea mkosaji bila kulipunguza kosa, na humwachia aliyekosewa muda wa kusamehe kwa hiari yake.