Chombo cha Wawili Kiundwe kwa Wawili

Wahenga walinena kwamba kila chombo kwa wimbi lake. Ndugu zetu wa Visiwani, waliokulia juu ya ngalawa na mashua, hawana haja ya kufundishwa maana ya kauli hiyo. Sisi wa huku Mpanda, na Mkoa mzima wa Katavi, wimbi letu ni tope.

Mvua zianzapo mwezi Novemba, udongo mweusi wa mbuga hugeuka ulimbo. Ni kweli kwamba barabara kuu ya Tabora hadi Mpanda imekwisha kutiwa lami, na reli ya kutoka Kaliua ipo tangu 1950. Lakini mkunga, bwana shamba na mganga hawafanyi kazi zao juu ya lami. Huwabidi kuvuka Mto Katuma, kuelekea Mishamo au Karema, na mara nyingi huenda wawili. Gari kubwa hukwama, pikipiki huteleza.

Ndipo mtendaji anapoitamani pikipiki ya magurudumu manne, ile ambayo huko Unguja huwachukua watalii. Tamaa hiyo si mbaya. Ubaya ni kuagiza bila kupambanua.

Vingi vya vyombo hivi vimeundwa kwa mtu mmoja tu. Kiti kirefu kisitudanganye: urefu ule ni wa kumwezesha dereva kujisogeza mbele na nyuma ili kuweka mizani. Akipakiwa mtu wa pili, uzito hulemea nyuma. Kilimani, chombo hunyanyua kichwa kama ngalawa iliyojazwa shehena tezi na kuachwa tupu omo, kisha huwapindukia waliokipanda.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Bombardier ya Kanada ilitoa Traxter MAX, chombo kilichokusudiwa watu wawili tangu kiwandani. Wengine wakafuata. Katika vyombo vya namna hiyo, nafasi baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma imerefushwa, na abiria ana kiti chenye egemeo, vishikio, na mahali pa kuweka miguu. Polaris Sportsman Touring 570, kwa mfano, ina injini ya cc 567 yenye nguvu za farasi 44, na tumbo lake liko kiasi cha sentimita 28 juu ya ardhi. Matairi yake mapana, yenye upepo mdogo, hukanyaga tope bila kulichimba sana, na magurudumu yote manne huweza kuvuta.

Hata hivyo, sifa zisitupofushe. Nguvu ya injini hupelekwa kwa mkanda. Maji yakiuingia, mkanda huteleza na chombo huweza kusimama katikati ya mto. Tena hakikuundwa kwa mwendo wa lami. Na kofia ngumu ni ya vichwa viwili, si ya dereva peke yake.

Tukumbuke pia ya wenzetu. Honda ya Japani ilianza kuuza Marekani chombo cha magurudumu matatu mwaka 1970. Ajali zilipokithiri, mwaka 1988 watengenezaji walikubali kuacha kukiuza huko. Funzo hilo lilinunuliwa kwa maisha ya watu; hatuna sababu ya kulilipia mara ya pili.

Basi, ndugu watendaji, kabla ya kutia sahihi hati ya ununuzi, ulizeni: Chombo hiki kimeundwa kwa watu wangapi? Kinaruhusiwa uzito gani, dereva, abiria na mizigo kwa pamoja? Mkanda ukikatika, utapatikana Mpanda, au tutaungoja kutoka Dar es Salaam? Nani atamfunza dereva?

Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012, na fedha yake ni jasho la wananchi. Mama anayeshikwa na uchungu usiku wa masika anamngoja mkunga afike salama. Chombo kitakachomfikisha ndicho kinachostahili fedha hiyo.