Mbio ndefu si za watu wa milimani peke yao

Barazani kwetu Mombasa ukitaja mbio ndefu, jibu huwa tayari kabla kahawa haijapoa: hizo ni za Wakalenjin, watu waliozaliwa milimani, mapafu yao si kama yetu. Sisi ni watu wa joto, tuachiwe mpira na kuogelea. Neno hili nimelisikia tangu niko chuoni kwa maalim, na siwezi kusema halina ukweli wowote. Iten iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kukaa juu namna hiyo husaidia damu kubeba hewa zaidi. Shida yangu ni pale neno lenyewe linapofikishwa. Mtu wa Kisauni ameambiwa na daktari atembee nusu saa kila siku kwa sababu ya sukari, naye hasemi kuwa amechoka wala hana nafasi. Husema sisi hatukuumbiwa mambo hayo.

Haya nayaandika nikiwa Masii, mji mdogo wa kaunti ya Machakos kwenye barabara ya kwenda Kitui, ambako kazi imeniweka mwaka wa pili sasa. Wapwani wengi wanaijua sehemu hii bila kujua kuwa wanaijua, kwani uchongaji wa vinyago tunaouona Changamwe asili yake ni Wamunyu, mbele kidogo ya hapa. Masii si Iten. Iko chini sana kuliko Iten, mvua yake ni ya kubahatisha, na jua la adhuhuri halina huruma. Wakamba nao si Wakalenjin. Kama mambo yangekuwa yanavyosemwa barazani, Ukambani usingetoa mkimbiaji hata mmoja wa maana.

Sasa tazama. Cosmas Ndeti, mzaliwa wa Machakos, alishinda marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Muda wake wa 1994, saa 2 dakika 7 na sekunde 15, ulibaki rekodi ya njia ile kwa miaka 12, na alipokuja kuvunjwa mwaka 2006 ulivunjwa kwa sekunde moja tu. Benson Masya wa Kitui alikuwa bondia na mfanyakazi wa posta kabla ya kushika mbio; mwaka 1992 akawa bingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa nusu marathoni, kule Newcastle, Uingereza. Patrick Makau, naye wa Ukambani, tarehe 25 Septemba 2011 alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin kwa saa 2:03:38. Aliyekuwa na rekodi hiyo, Haile Gebrselassie wa Ethiopia, alikuwa papo hapo nyuma yake. Makau akaanza kukata kushoto na kulia barabarani mpaka mwenzake akachoka kumfuata. Ile ilikuwa akili, si mapafu.

Na tusisahau kwamba kuna wakati marathoni yenyewe haikuhesabiwa kuwa ya Wakenya. Tangu Mexico 1968 tulisifika kwa mita 1,500, mita 10,000 na kuruka viunzi na maji. Kilomita 42 zilikuwa za wengine. Kisha mwaka 1987, huko Roma, Mkenya akawa bingwa wa dunia wa marathoni. Jina lake Douglas Wakiihuri, na alizaliwa wapi? Mombasa. Hapa hapa kwetu, kwenye unyevu na joto, kisha akaenda kufundishwa Japani. Mwaka uliofuata alichukua fedha ya Olimpiki mjini Seoul. Miezi michache baada ya Roma, Ibrahim Hussein alishinda New York, na mwaka 1988 akashinda Boston, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Mapafu ya Wakenya hayakubadilika kati ya 1986 na 1988. Kilichobadilika ni kile ambacho kijana wa Kenya aliyasadiki kuhusu mapafu yake.

Nashangaa sana kwamba jina la Wakiihuri halitajwi barazani kwetu.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2010 Samuele Marcora na mwenzake Walter Staiano walichapisha jaribio walilofanya na wachezaji 10 wa raga. Waliwapandisha kwenye baiskeli ya mazoezi, wakawaambia wapige pedali kwa nguvu ya kiasi cha wati 242 mpaka washindwe kabisa. Baada ya dakika kama 10 hivi, wote walisema basi, miguu imekwisha. Papo hapo wakaambiwa wapige kwa nguvu zote kwa sekunde 5 tu. Miguu ile iliyokwisha ikatoa wati 731 kwa wastani, mara tatu ya kile walichosema hawakiwezi. Sekunde 5 si safari, na wapo wanaobishana na Marcora kuhusu maana ya matokeo hayo. Lakini jambo moja liko wazi: mtu aliposema nimeshindwa, misuli ilikuwa bado na akiba. Aliyefunga duka ni akili, iliyopima taabu ya sasa na kuona haina faida kuendelea.

Sisi Waislamu hatukuhitaji baiskeli kulijua hilo. Mtu yule yule ambaye siku ya kawaida saa nne asubuhi kichwa kinamgonga kwa kukosa chai, Ramadhani anakaa saa 13 na zaidi bila tone la maji, anafanya kazi bandarini, na jioni anasimama tarawehe. Mwili ni ule ule. Ametia nia usiku, anajua mwisho uko wapi, na jirani yake wote wamefunga pia. Ukitazama vizuri, hayo matatu ndiyo mkimbiaji anayotafuta: nia iliyowekwa mapema, mwisho unaojulikana, na watu wa kwenda nao.

Eliud Kipchoge, alipokimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa na usemi wake kwamba hakuna binadamu mwenye kikomo. Mbio zile hazikuhesabiwa rekodi, maana alipewa wasindikizaji waliopokezana njia nzima, lakini heshima yake iko pale pale. Usemi wenyewe mimi siuchukui kama ulivyo. Kila mja ana mpaka wake. Ninachouliza ni nani aliyekuonyesha mpaka wako uko wapi, na kama yeye mwenyewe aliwahi kufika huko.

Mimi hapa Masii nilianza kwa sababu ya kipimo. Sukari ilikuwa mpakani, na umri umeshapita arubaini. Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na kitu, akanichukua. Hunitia "Ustadh," nami humwita Mwalimu. Sharti lake lilikuwa moja: tukimbie huku tunazungumza. "Ustadh, ukishindwa kumaliza sentensi, punguza." Nilidhani ananionea huruma, kumbe ndiyo kanuni yenyewe. Mwendo unaoruhusu mazungumzo ndio unaojenga moyo na mishipa bila kuuvunja mwili, na hata mabingwa hutumia sehemu kubwa ya mazoezi yao katika mwendo ulio mwepesi kwao. Wengi wanaoacha mbio wiki ya kwanza wameacha kwa sababu walianza kwa kasi ya kufukuzwa na mbwa.

Tulianza dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, mara kumi. Kwenye kilima Mwalimu hakuniruhusu kutazama juu. Tulihesabu nguzo za umeme: fika ile, halafu tutaona. Nami nikaongeza langu, dhikri kwa kufuata hatua. Miezi minane baadaye nilikimbia saa nzima bila kusimama, na kipimo kimerudi chini. Sikushinda chochote, na watoto wa shule walinipita wakicheka.

Kuhusu joto la pwani, ambalo ndilo kimbilio letu la mwisho: mwili hulizoea. Ukifanya mazoezi mepesi kwenye joto kila siku, ndani ya wiki moja au mbili maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema, na moyo hupunguza kasi kwa kazi ile ile. Samuel Wanjiru alishinda dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathoni ya Olimpiki kwenye joto la kiangazi la Beijing, Agosti 2008, kwa saa 2:06:32. Wengi walidhani katika hali ile mtu hukimbia kwa kujihifadhi. Yeye alianza kwa kasi, na rekodi ya Olimpiki iliyodumu tangu 1984 ikaanguka kwa zaidi ya dakika mbili. Sisi hatuhitaji hayo. Tunahitaji nusu saa baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijapanda.

Kuna uchovu na kuna hatari, na lazima vitenganishwe. Pumzi nzito na miguu kuwaka ni uchovu. Kifua kubana, maumivu yanayoshuka mkononi, kizunguzungu, kuchanganyikiwa juani: hapo simama, tafuta kivuli na daktari. Mwenye pressure au sukari aulize hospitali kwanza, na anayetumia insulini abebe kitu kitamu mfukoni. Mwenye ganzi miguuni avae viatu vilivyofunga, si ndara, na akague nyayo zake kila jioni.

Hilo la ganzi nalisema kwa sababu ya kaka yangu mkubwa, aliyekatwa vidole viwili mwaka jana. Nikimpigia simu hunijibu kuwa mbio ni za watu wa bara. Sasa nimeacha kumtajia mbio. Nimemwambia atoke nyumbani mpaka msikiti wa pili badala ya ule wa mtaani, hatua mia saba kwenda na mia saba kurudi, kwa swala moja tu ya siku. Wiki hii amekwenda mara nne.