Pumzi, Ngoma na Utulivu wa Neva Ukambani

Katika maeneo makavu kama Zombe, mashariki mwa Kaunti ya Kitui, ambako mkulima hutegemea zaidi mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba, mashaka ya kungoja mvua huuingia mwili mzima: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, yaani homoni zinazouandaa mwili kupambana au kukimbia, moyo ukaenda mbio, tumbo likavurugika na usingizi ukapaa. Utulivu hurudishwa kwa sehemu kubwa na neva ya vagasi, mshipa mrefu wa fahamu unaoshuka kutoka shina la ubongo hadi moyoni na tumboni. Mnamo 1921 Otto Loewi, akitumia mioyo ya vyura, alionyesha kwamba neva hiyo hutoa kemikali inayopunguza kasi ya moyo, ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa asetilikolini.

Nguvu ya vagasi juu ya moyo huongezeka mtu anapotoa pumzi na kupungua anapoivuta, na ndiyo sababu kupumua taratibu, mara sita hivi kwa dakika, huku pumzi ya kutoka ikirefushwa, hutuliza mapigo bila dawa yoyote. Kuimba nako hurefusha pumzi hiyo. Kwa hiyo kilumi, ngoma ya Wakamba inayochezwa hasa na wanawake wazee kwa ajili ya kuomba mvua na kuwaganga waliopagawa na pepo, haistahili hata kidogo kubezwa kuwa ushirikina mtupu, kwani humweka mwenye dhiki katikati ya sauti na mikono ya watu wake, badala ya kumwacha apambane peke yake.

Muguka, kinyume chake, hudanganya. Majani hayo yanayolimwa hasa Embu yana kathinoni, kemikali inayofanana na amfetamini. Mtafunaji huona uchovu umemtoka, kumbe moyo umeongezewa kasi, na usiku hukesha.

Dhiki ikigeuka sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, mazoezi ya pumzi hayatoshi. Katika Kaunti jirani ya Makueni, watafiti wakiwemo Christine Musyimi, Victoria Mutiso na David Ndetei waliwafunza waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotungwa kwa wahudumu wasio mabingwa wa magonjwa ya akili, ili wamsikilize mgonjwa, wamsaidie kuyakabili matatizo yake na kumpeleka kituo cha afya inapobidi. Dalili za sonona za waliohudumiwa hivyo zilipungua.