Printa ya 3D Haikupasui Mgongo, Inamwonyesha Daktari Njia

Ukisikia printa ya 3D unafikiria nini? Midoli, kava za simu, labda zile nyumba za simiti unazoona TikTok. Weka hizo kando kidogo, tuongee kuhusu mgongo wako.

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski: ngumu nje, laini ndani. Ikipasuka, ule ulaini hutoka na kubana neva. Hapo ndipo maumivu hushuka kutoka kiunoni hadi kwenye wayo, kama umepigwa na stima. Mara nyingi huwa ni zile diski mbili za chini kabisa.

Wengi hupona bila kisu, kwa dawa, mazoezi na wiki kadhaa za subira. Wale ambao neva inazidi kubanwa ndio hufanyiwa upasuaji wa tundu dogo. Daktari hupitisha bomba lenye kamera, unene wake kama penseli hivi, kisha anaokota kile kipande. Mara nyingi mgonjwa yuko macho, amedungwa ganzi tu. Sindano ikikaribia neva, anapiga kelele, "Daktari, mguu!" Si utani. Hiyo kelele ndiyo kengele yao.

Noma iko kwenye njia. Sindano inafaa kupita kwenye pembetatu ndogo sana, iliyopewa jina la daktari Parviz Kambin, na upande mmoja wake ni neva yenyewe. Kwenye diski ya mwisho, mfupa wa nyonga nao unaziba. Kwa hivyo daktari anapiga eksirei, anasogeza sindano, anapiga tena. Wewe utapigwa mionzi hiyo siku moja uende nyumbani. Yeye atakuwa hapo kesho na mgonjwa mwingine.

Sasa printa inaingia. Picha zako za CT hupitia kwenye programu na kutoka kama mfupa wa plastiki, mfupa wako wewe, si ule wa kitabuni. Daktari anaugeuza mkononi, anachagua pembe, kisha anachapisha kielekezi: kipande kinachokaa mgongoni kikiwa na tundu la sindano. Fundi wa mbao anakijua hiki kitu. Akitaka matundu yote yaingie sawa, hutoboa kibao cha kuongoza kwanza. Madaktari wa China wameijaribu sana mbinu hii, na wameripoti kudunga mara chache na eksirei chache.

Lakini plastiki haina akili. Ukipigwa CT ukilala chali kisha upasuliwe kifudifudi, ngozi inateleza na kielekezi kinahama nayo. Ndiyo maana eksirei haitoki chumbani.

Pia kuchapisha huchukua masaa. Kwa hivyo mgongo ukiuma halafu ushindwe kukojoa, au upate ganzi katikati ya mapaja, usingoje printa ya mtu. Nenda hospitali usiku huo huo.